Goli Alilolisikia Kocha

Mwanangu ni kocha wa watoto hapa kijijini, na kwa kichwa kigumu hana mpinzani. Sheria yake nyumbani ni moja: binti hatoki mpaka vyombo viishe. Na vyombo haviishi, maana nyumba hii ina midomo mingi. Kwa hiyo mjukuu wangu, tunayemwita Radi kwa lile shuti lake, mpira wote ameuchezea kwenye ukuta wa jiko langu. Plasta imebanduka, nami nimenyamaza.

Yakaja mashindano, na waandaaji wakaja na sheria yao: kila timu ichanganye wavulana na wasichana, na goli la mvulana halihesabiwi mpaka msichana wa timu yake afunge kwanza. Radi akamwangalia baba yake. Baba akajitia hamnazo. Akamchukua binti wa fundi cherehani, mtoto mpole anayeomba radhi hata kwa mbuzi, akamweka kwenye kibendera cha kona.

"Wewe simama hapo tu," akamwambia. "Mpira ukija, upishe."

Uwanja uko nyuma ya nyumba yetu. Nilikuwa kwenye kigoda changu juu ya ngazi za mlango wa uani, nauona uwanja wote, na Radi amechutama chini nyuma ya ukuta wa ua, anasugua sufuria na machozi yanadondokea humo humo. Roho iliniuma, sisemi uongo. Wavulana wetu wakafunga, halikuhesabiwa. Wakafunga tena, mwamuzi akatikisa kichwa. Wapinzani wakafunga moja kwa mguu wa msichana wao, likahesabiwa.

Mapumziko, huyo mwanangu anakuja mbio, jasho linamtoka, filimbi inamrukaruka kifuani.

"Radi, inuka twende."

Mtoto akaniangalia mimi.

"Vyombo havijaisha," nikasema.

"Mama, tunafungwa."

"Nimeona. Lakini sheria si umeitunga mwenyewe? Ukitaka atoke, vimalize."

Akatazama beseni, akatazama uwanja. Kisha akakunja suruali yake ya michezo, akachutama. Radi alikuwa ameshapotea, povu mpaka kwenye viwiko.

Sikumwonea huruma hata chembe.

"Hiyo sufuria ina masizi chini," nikamwambia. "Na vikombe vina mikono, baba. Mikono nayo huoshwa."

Kila akiinuka achungulie, namwonyesha sahani. Ikabidi awaelekeze wachezaji kwa kupiga kelele juu ya ukuta, steelwire ya kusugulia mkononi, na hakuna aliyemsikia.

Mimi niliona yote. Mpira ulimfikia binti wa fundi cherehani, na safari hii hakuupisha; akampa Radi. Nikasikia kile kishindo kilichobandua plasta yangu, kisha uwanja mzima ukalipuka.

"Nani kafunga?" akauliza mwanangu.

"Suuza kwanza."

Baada ya hapo mvulana wetu akaongeza la pili, safari hii likahesabiwa, tukashinda mbili kwa moja. Jioni alimkalisha Radi amsimulie lile goli: alipiga kwa mguu gani, kipa aliruka upande gani. Akamrudisha mwanzo tena na tena, machozi yakimlengalenga.

"Binti yangu kafunga na mimi sikuona," akasema, akaniangalia kana kwamba nimemwibia.

Siku hizi, kila siku ya mechi, nasikia vyombo vinagongana uani tangu alfajiri, na Radi bado yuko kitandani. Nikichungulia namkuta kocha amechutama, anasugua mpaka mikono ya vikombe.