Ukurasa wa Tisa

Tulikuwa tumemkasirikia mtu tusiyemjua, na hilo lilikuwa rahisi. Miaka sita Kamati ya Wakazi wa Mtaa wa Tolliver, upande wa magharibi wa Baltimore, ilipigana na kampuni iliyotaka kubomoa nyumba zetu na kujenga ghorofa. Mwenyekiti alikuwa Bi Earlene Gaskins, mpishi mstaafu wa shule. Mimi, Linwood Battle, nilikuwa katibu.

Siku ya kikao cha baraza la jiji tulifika asubuhi na mabango yetu, tukajaza viti vya mbele. Mkurugenzi wa mradi alipoitwa kuzungumza, aliyeinuka alikuwa Terrell Dukes.

Terrell wetu! Alijiunga na kamati miaka mingi kabla ya vita hivi, akiwa na miaka ishirini, na Bi Earlene ndiye aliyemfundisha kugonga milango na kusema na watu. Kisha akaenda chuo, akapotea. Sasa alikuwa na suti ya kijivu na kipara kilichoanza.

"Hahami mtu bila ufunguo mkononi," akasema kwenye kipaza sauti.

Maneno hayo yalikuwa yameandikwa kwenye mabango yetu. Nyuma yangu watu wawili walipiga makofi, kisha wakatazamana kwa aibu.

"Huyu anatuchezea shere," Claudette Spriggs alininong'oneza. Yeye alikuwa mweka hazina wetu.

Bi Earlene alipoitwa, alikwenda polepole. Hotuba yake niliichapa mimi mwenyewe, kurasa mbili za moto mtupu. Hakuifungua.

"Terrell, mwanangu, hao watu wamekununua?"

"Wameniajiri, Bi Earlene. Fungua ukurasa wa tisa wa mpango mliopewa mlangoni."

Akavaa miwani. Ukurasa wa tisa ulisema kila familia ya Tolliver itapewa nyumba katika jengo jipya, kwa kodi ileile. Ndicho tulichokidai miaka yote sita. Niliona midomo yake ikirudia mistari ileile mara tatu.

"Mama, unaunga mkono au unapinga?" mwenyekiti wa baraza akauliza.

"Sijui."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nami nikaliandika neno hilo kwenye kumbukumbu.

Ndipo akaona kitu. "Hapa mmesema familia zinazoishi mtaani siku ya kubomoa. Na waliokwisha kuhama je? Waliondoka kwa sababu mapaa yalikuwa yanavuja na hakuna aliyekuja kuyatengeneza."

Terrell akatoka nje kupiga simu. Aliporudi hakumtazama Bi Earlene usoni. "Waliohama ndani ya miaka mitatu, tutawaingiza."

"Mitano."

"Mitatu, Bi Earlene. Zaidi ya hapo wananifukuza kazi, na atakayekaa kiti changu atauchana huo ukurasa wote."

Claudette aliruka. Dada yake, Vernita, alikuwa amehama miaka minne iliyopita. "Usikubali! Earlene, usithubutu!"

Bi Earlene alimgeukia Claudette, akamgeukia Terrell, kisha akanitazama mimi kana kwamba mimi nilikuwa na jibu.

"Andikeni mitatu," akasema hatimaye, na sauti yake haikuwa ya mshindi wala ya mtu aliyeshindwa.

Baraza liliupitisha mradi. Nje, kwenye ngazi, wengine walimkumbatia, mmoja akamwita msaliti, na mama mmoja alifanya yote mawili. Claudette alilitupa bango lake kwenye pipa, akaenda zake.

Nyumba zilibomolewa masika yale. Jengo likasimama baada ya miaka miwili, na ufunguo tulipewa kweli, ingawa si kabla ya kuhama kama mabango yetu yalivyodai. Katika familia ishirini na mbili za mtaa wetu, kumi na nne zilirudi. Vernita hakurudi. Claudette alirudi, lakini akimkuta Bi Earlene kwenye lifti, hupanda ngazi.

Nilimuuliza Bi Earlene siku moja kama tulishinda.

"Linwood, kila asubuhi naamka na jibu, ikifika saa sita nimelibadilisha. Niache."

Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa kwake, ghorofa ya tatu, tukitazama mpira. Mlango ukagongwa. Alikuwa Terrell, na mfuko wa samaki wa kukaanga na mkate mweupe, karatasi imetota mafuta.

Bi Earlene alisimama mlangoni bila kumpisha. "Leo umekuja kama nani?"

Terrell aliuinua mfuko kidogo. "Wallahi sijui, mama. Nilipita kwenye duka la samaki ulikokuwa ukituleta baada ya kugonga milango, nikakukumbuka."

Bi Earlene aliuacha mlango wazi. Kisha akaenda jikoni, akarudi na sahani tatu.