Mlango wa Esnath

Siku ya kwanza Bibi Esnath alipofagia uwanja wa zahanati, wanawake waliokuja kliniki walikosa pa kuweka macho. Wengi wao ni yeye aliyewapokea walipotoka tumboni mwa mama zao, na baadhi alikuwa amewapokelea watoto wao pia. Sasa walikuwa wamekaa kwenye benchi la saruji, kadi mkononi, naye akipita mbele yao ameinama, akisukuma majani ya mikaratusi kutoka ukuta huu hadi ule. Hakuna aliyemsalimu kwa sauti. Mmoja aliinua miguu ili fagio lipite.

Diwani Sedekia aliyaona hayo kutoka dirishani mwa ofisi ya kata, ng'ambo ya barabara, na moyo wake haukumsuta. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mzee wa kanisa na mkulima wa viazi, mtu aliyeshindwa hata kuchinja kuku wake mwenyewe. Siku za sikukuu ilibidi amwite jirani. Lakini zamani, Ikupa binti yake akiwa bado hajaweza kujifunga vifungo vya gauni, mkewe alilala kwenye mkeka wa Esnath ajifungue mtoto wa pili, na hakuinuka. Mama na kichanga walizikwa katika jeneza moja. Tangu siku hiyo Sedekia alikuwa na neno moja kifuani, na udiwani aliutafuta ili apate mahali pa kulitolea.

Akalitoa. Baraza la madiwani lilipitisha sheria ndogo ya kufanyiwa majaribio katika kata ya Igandilo, huko juu milimani, kabla ya kuenezwa kwingine: kila mama ajifungulie kituoni. Atakayejifungulia nyumbani atashitakiwa, na atakayempokea atashitakiwa pamoja naye. Sedekia aliisoma sheria hiyo mkutanoni kwa sauti yake mwenyewe, akaongeza la kwake: "Sheria haina shangazi wala mjomba." Watu walipiga makofi. Na haki ya mtu apewe: sheria ilifanya kazi. Mwaka ule Igandilo haikuzika mzazi hata mmoja, jambo ambalo wazee hawakukumbuka kuliona.

Esnath alinaswa msimu wa baridi, amempokea mke wa mchoma mkaa aliyeshikwa na uchungu akiteremka kutoka msituni. Mahakama ya mwanzo ilimpa adhabu ya kutumikia jamii, na ndiyo lile fagio. Lakini Sedekia hakutosheka. Alitaka jambo hilo lisikike. Akamsimamisha mbele ya mkutano wa kijiji, aseme kwamba ameacha.

"Nimeacha," bibi alisema.

"Watu wa nyuma hawajasikia."

"Nimeacha!"

Mtu mmoja alicheka. Kicheko kikapita mkutanoni kama upepo kwenye shamba la ngano, kila kichwa kikiinama kwa zamu yake.

Mwezi wa tatu Ikupa alirudi nyumbani kwa baba yake kujifungua mimba ya kwanza. Mumewe, Lugano, alikuwa Ubaruku kwenye mashine za kukoboa mpunga, na hakukuwa na mama mkwe wa kumtazama. Sedekia alimpokea kwa furaha isiyojificha. Alimnunulia beseni, sabuni na vitenge, akamwonyesha zahanati iliyopakwa rangi mpya. "Wewe utalala hapa," alimwambia, "kwenye kitanda chenye magurudumu."

Uchungu ulianza asubuhi, mvua ikinyesha. Walipofika zahanati walikuta kufuli. Muuguzi Hanifa, aliyebaki peke yake tangu mwenzake ahamishwe, alikuwa ameteremka Mbeya mjini kwenye semina, kuwasimulia wageni namna sheria ya Igandilo ilivyookoa akina mama. Aliyempendekeza aende alikuwa Sedekia. Alimpigia simu, simu ikaita, ikanyamaza. Akampigia dereva wa gari la wagonjwa. Dereva alisema kilima kimemeguka, udongo umekata barabara, yeye yuko upande wa chini na hana mabawa.

"Twende tukakutane naye pale udongo ulipokata," alisema Edmund, mwenye bodaboda aliyekuwa amejibanza kwenye baraza la zahanati kuikwepa mvua. Wakapanda mshikaki, Ikupa katikati, baba nyuma amemkumbatia. Pikipiki ilikuwa ikicheza kwenye utelezi kama ndama aliyekata kamba. Hawakufika mbali. Penye kona ya mlima gurudumu la nyuma lilikimbia, Edmund akaizuia kwa mguu, na Ikupa akateremka mwenyewe, akapiga magoti kwenye tope.

"Baba, siwezi tena. Anakuja."

Nyumba iliyokuwa karibu ilikuwa moja tu. Moshi ulikuwa ukipenya kwenye bati. Sedekia aliijua nyumba hiyo kuliko alivyotaka kuijua. Wakambeba mgonjwa hadi barazani, kisha Edmund akakimbia kuteremka kilima kumtafuta dereva kwa miguu.

"Hodi, Bibi Esnath!"

"Nani?"

"Ni mimi, Sedekia. Niko na Ikupa. Amezidiwa."

Sauti ikaja, haina haraka. "Zahanati iko kule mlikotoka, Mheshimiwa."

"Imefungwa."

"Basi isubirini ifunguliwe."

"Mtoto anatoka, bibi! Fungua!"

"Mimi nimeacha. Ulisema watu wa nyuma hawajasikia, nikarudia. Watu wa nyuma walisikia. Na mimi mwenyewe nilisikia."

"Nakuruhusu! Mimi diwani nakuruhusu!"

"Mke wa mchoma mkaa hakuwa na wa kumruhusu."

Alipiga mlango kwa kiganja, akaupiga kwa ngumi, akaupiga kwa bega. Ulikuwa mlango wa mninga, umepigiliwa na mtu aliyeijua kazi yake. Nyuma yake Ikupa aliita, "Bibi, nakufa," kwa sauti ndogo mno, kama mtoto anayeomba maji. Ndipo Sedekia aliposikia kigoda kikisogea ndani, hatua zikija, na komeo likiguswa. Liliguswa tu. Upande wa pili wa ubao palikuwa na mtu anayepumua kwa kasi, ananong'ona kwa Kinyakyusa maneno ya sala ambayo Sedekia aliyafahamu tangu utoto, na anaposhindwa kuyamaliza anaanza upya.

Ikupa akapiga ukelele. Sedekia akageuka.

Miguu ndiyo iliyotangulia. Alivua koti la mvua, akalitandika, akapokea vile visigino viwili vidogo, kisha mapaja, kisha kiuno. Alikuwa mvulana. Mwili ulitoka hadi mabegani, kichwa kikagoma. Diwani aliyejua kusimama mbele ya baraza zima akatoa hoja hakujua avute au aache, ashike wapi, aseme nini. Alisikia sauti yake mwenyewe ikipiga yowe, na haikuwa na neno ndani yake.

Mlango ukafunguka.

Esnath alitoka amekunja mikono ya gauni. Hakumtazama. Alimsukuma kwa kiwiko kama anavyosukumwa mbuzi aliyesimama njiani, akaingiza mkono, na kichwa kikatoka. Mtoto hakulia. Alimpulizia mdomoni, akamsugua, akamwinamisha, akampulizia tena. Kisha akamlaza kwenye koti, akamfunika uso, na kwa mikono ileile akamrudia mama, maana damu ilikuwa imeanza kutiririka ukingoni mwa baraza na kuchanganyika na maji ya mvua. Alikandamiza, akafunga, akaita jina la Ikupa kila binti alipotaka kusinzia, akamburuta ndani penye moto. Dereva alipofika akiongozana na Edmund, wote wamelowa hadi viunoni, damu ilikuwa imekatika.

Ikupa akaishi.

Mtoto walimzika nyuma ya nyumba ya Sedekia, kwenye migomba. Siku chache baadaye maziwa yalijaa kifuani mwa Ikupa, yasiyo na mnywaji, na kila asubuhi baba yake alimsikia akiyakamua kwenye bakuli na kwenda kuyamwaga. Hakumwuliza anayamwaga wapi.

Msiba ni mzigo, na mwenye mzigo hutazama huku na huku nani wa kumtwisha. Sedekia angeweza kulitazama kufuli la zahanati, angeweza kuitazama semina. Lakini huko kote njia iliishia mlangoni kwake mwenyewe. Mlango wa mninga ulikuwa mbali kidogo na rahisi kuutazama. Usiku na mchana aliusikia mkono ule ukigusa komeo, ukaliacha. Kama ungelivuta pale pale! Wazo hili alilinyonya kama mtu anavyonyonya jino bovu, hadi likawa na utamu wake.

Esnath alikuja kuwapa pole, amejitwika unga wa mahindi kwenye ungo. Sedekia alimzuia getini.

"Mwache apite, baba," Ikupa alisema kutoka kibarazani.

"Hapiti."

Bibi aliuteremsha ungo chini, akauacha pale, akaenda zake. Unga ulilowa na mvua ya jioni.

Baraza la madiwani lilipokutana mjini, hoja ilikuwa kuieneza sheria ya Igandilo katika kata zote. Mwenyekiti aliwaomba wajumbe wasimame kimya kwa ajili ya mjukuu wa mwenzao. Wakasimama. Kisha Sedekia akapewa nafasi, na watu wengi walidhani ataomba sheria ilegezwe: zahanati ziwe na wauguzi wawili, barabara zitengenezwe, wakunga wa jadi waitwe wafundishwe badala ya kufagishwa viwanja. Hata karatasi mfukoni mwake ilikuwa na maneno ya namna hiyo, aliyoandikiwa na Hanifa kwa machozi. Hakuitoa.

"Naunga mkono," alisema, "na ninaongeza kifungu. Mkunga atakayekataa kumsaidia mzazi aliye hatarini, naye afungwe."

"Akisaidia ashitakiwe, na akikataa afungwe?" aliuliza diwani mmoja wa bondeni. "Sasa ashike lipi?"

Vicheko vichache vilisikika. Kifungu kikapita, maana nani angempinga mtu aliyetoka kuzika?

Nje, kwenye korido, Joachim, mwanasheria wa halmashauri, alimvuta kando. "Mheshimiwa, pole sana. Ila uelewe, kifungu kipya hakirudi nyuma. Kwa lililopita hakimgusi yule bibi."

Sedekia alihisi kama aliyefungua mdomo kunywa, akaondolewa kikombe.

"Labda kwa sheria iliyopo," Joachim aliendelea, akifuta miwani. "Inasemekana mwishoni alitoka. Alimpokea mzazi nyumbani kwake?"

"Ilikuwa barazani."

"Baraza ni nyumba. Alimpokea?"

Palikuwa na nafasi hapo, nayo haikuwa finyu. Angeweza kusema kwamba mtoto alitoka mikononi mwake yeye babu, na lisingekuwa uongo mtupu. Ilimjia ile mikono iliyokunjwa, namna ilivyofanya kazi pasipo kutetemeka, na jina la mwanawe lilivyoitwa tena na tena karibu na moto. Ilimjia pia ile sauti isiyo na haraka: basi isubirini.

"Alimpokea," alisema. Neno lilimtoka jepesi, kama mtu anayeulizwa kijiji chake.

Juma lililofuata gari la halmashauri lilisimama mbele ya nyumba ya Sedekia. Manyunyu yalikuwa yakishuka. Nyuma ya gari, kwenye benchi la mbao, alikaa Bibi Esnath kati ya mgambo wawili. Gerson, mtendaji wa kata, aliteremka polepole, kofia mkononi.

"Ndaga, Mheshimiwa."

"Ndaga. Mbona mmepita hapa? Si mmeshamchukua?"

Gerson aliitazama kofia yake. "Nimekuja kumchukua Ikupa."

"Ikupa gani?"

"Shauri ni moja, washitakiwa wawili. Aliyempokea, na aliyejifungua. Nikimpeleka mkunga peke yake, hakimu ataniuliza alimpokea nani."

"Gerson! Yule ni mwanangu. Amezika juzi."

"Najua, Mheshimiwa. Nilikuwa mazikoni." Akaongeza kwa upole wa kweli, "Sheria uliisoma mwenyewe. Sisi wengine tulipiga makofi tu."

Sedekia alitoa simu, akampigia Joachim. Iliita hadi ikakata. Akapiga tena. Nyuma yake mlango ulilia, na Ikupa akatoka amejifunga khanga, ameshika viatu. Alikuwa amesikia.

"Huko mjini ulisema nini, baba?"

Alitaka kumweleza juu ya komeo, juu ya mkono, juu ya mama yake katika lile jeneza moja. Alichoweza kusema kilikuwa kifupi. "Nilisema alikupokea."

Ikupa aliitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa saa. Alivaa viatu akiwa amesimama, bila kumshika mtu. Ngazi ya gari ilikuwa juu, na mwili wake ulikuwa bado haujapona. Mgambo walitazamana. Esnath akainama, akamnyooshea mikono yote miwili, akampandisha. Akasogea, akampa nafasi, akatandaza kitenge chake juu ya vichwa vyao wote wawili.

"Nitakuja mahakamani!" Sedekia alipaza sauti, akilifuata gari lililoanza kuondoka. "Ikupa! Nitakuja!"

Gerson alitoa kichwa dirishani. "Lazima uje, Mheshimiwa," alisema. "Shahidi ni wewe."

Gari liliteremka kati ya mashamba ya viazi yaliyoanza kutoa maua. Barabara huko ina kona nyingi, na kila lilipokata kona kile kitenge kiliyumba upande mmoja, kikarudi, kikayumba upande mwingine. Sedekia alisimama kwenye manyunyu, simu sikioni, ikiita.