Maji Asiyoyataka Mtu

Kituo chetu cha umeme kiko chini ya bwawa la umwagiliaji, na bwawa ni la wakulima. Sisi wa umeme ni wapangaji tu. Maji yakiitwa mashambani hupita kwetu kwanza, yanazungusha mtambo, kisha yanaingia mfereji mkuu. Yasipoitwa, mtambo unalala. Ndiyo maana mvua ikinyesha na bwawa likajaa pomoni, nyumba zetu za wafanyakazi na vijiji vya jirani vinakaa gizani. Wageni hudhani tunawatania. Siku hizi hatuwaelezi tena.

Anayeita maji ni mwenyekiti wa wakulima, na mwenyekiti ni baba mkwe wangu. Mimi na yeye hatupikiki chungu kimoja. Binti yake aliponichagua, mzee alitangaza mbele ya watu kwamba hawezi kumwoza mtoto kwa mwanamume anayekula jasho la maji ya wenzake. Binti akaolewa hivyo hivyo. Tangu siku hiyo baba na binti hawajasemezana, na kwa ukaidi sijui nani kamrithi nani.

Msimu huu mke wangu alinunua mashine ya kuangulia mayai kwa akiba yake yote. Zilibaki siku chache vifaranga vitoke, mvua ikaanguka. Wakulima wakaagiza tufunge, tukafunga. Umeme ukakatika, na mnara wa simu nao ukazimika, maana unakula kwetu.

Mke wangu akaifunika mashine kwa mablanketi yetu yote, akazungushia madumu ya maji ya moto. Kila nilipopita alinitazama kama mimi ndiye niliyeleta mawingu. Hakulia. Angelia ningepata nafuu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilivaa koti la mvua nikaenda kwa mkwe kwa miguu. Nilimkuta barazani, anaitazama mvua kwa furaha ya mtu asiyelipia. Nilimsalimu, akaitika. Nikamwomba aite maji.

"Fundi," alisema, "mvua yote hii, niite maji ya nini?"

"Ya mayai, baba."

Ilinibidi nieleze. Alinisikiliza bila kupepesa, kisha akauliza mayai ni ya nani. Nikamwambia ni ya binti yake, na akiba yake yote imo mle. Akasema mashamba yote yameshiba, hakuna jirani atakayekubali hata ndoo moja, na maji yakishatoka kwetu hayarudi; lazima yaingie kwa mtu. Shamba la kwanza mferejini ni lake, na limejaa vitunguu vilivyobakiza wiki moja kung'olewa. Kitunguu kikipata maji mengi huoza, kila mtu anajua.

"Nenda kafungulie," alisema. "Yaingie kwangu."

Nilirudi mbio kwa kuogopa asije akabadili mawazo. Tulifungulia, mtambo ukaunguruma, na taa za nyumba zetu zikawaka mchana kweupe. Hatukufunga tena mpaka vifaranga vikatoka. Vingi vilitoka vizima, vinapiga kelele kama kikao cha wakulima.

Mke wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya mashine, anacheka, ndipo akauliza nani aliita maji kwenye mvua hii. Nikamwambia. Akauliza yameingia shamba la nani. Nikamwambia hilo pia, na kilichopandwa. Kicheko kikamkauka. Alinikabidhi vifaranga, akachukua ndoo na kutoka.

Zamu ilipoisha niliwafuata shambani kwa mzee. Wote wawili walikuwa kwenye tope la magotini, kila mmoja na mstari wake, wanang'oa vitunguu vilivyobaki vizima. Hakuna aliyekuwa anasema neno. Lakini mizigo yao waliirundika mahali pamoja, na mzee alikuwa akipunguza mwendo ili binti asiachwe nyuma.

Mzee alinyanyua kichwa akaniona nimesimama kwenye tuta na buti zangu za kazi.

"Mkwe," alisema, na alikuwa hajawahi kuniita hivyo, "vua viatu. Mstari ule ni wako."