Maji Safi ya Gitari

Makandi alirudi Kanja na mifuko mitatu ya vifaranga vya kambale, akakuta bwawa lake linang'aa. Kwa wiki mbili alikuwa amelitia samadi ya kuku ili maji yawe kijani. Sasa aliona mpaka matope ya chini.

Ng'ambo ya ua, shemeji yake Gitari alikuwa akipanga viti. Wageni wa mahari ya binti yake walikuwa wamefika kutoka Kibirichia.

"Umelifanya nini bwawa langu?"

"Nimelisafisha," Gitari alijibu. "Juzi nilimwaga dawa ya kutibu maji. Ulitaka wakwe zangu wale nyama huku wakinusa kinyesi?"

"Samadi ile ni chakula cha bakteria. Bakteria huliwa na viroboto wa maji, na viroboto huliwa na hawa." Aliinua mfuko. "Jua limeshaimaliza dawa yako, lakini umeua kila kitu. Watakula nini?"

"Wape ugali. Si wewe ndiye mtaalamu? Ndugu yangu alikuachia shamba la kahawa, ukalichimba shimo la choo."

"Munyi alilichimba pamoja nami."

"Ndiyo maana hakukawia kufa."

Makandi alitazama mifuko. Vifaranga wasingefika kesho wakiwa mifukoni. Maji hai yaliyokuwa karibu ni ya kidimbwi ambamo Gitari alinyweshea ng'ombe wake. Hicho hakuwa amekisafisha. Kilikuwa kijani, na viroboto walirukaruka ndani yake.

"Nipe maji ya kidimbwi chako."

"Hata tone."

Makandi alipita langoni, akaenda moja kwa moja mbele ya wageni.

"Hamjambo, wazee. Mimi ni mjane wa Munyi, ndugu wa mwenye boma hili. Nimeomba maji ya ng'ombe, nimenyimwa."

Msemaji wa wageni, Mzee Riungu, aliweka chini kikombe cha uji.

"Mzee Gitari, sisi tumekuja kukuomba mtoto. Kama hata maji ya ng'ombe yanakuuma..."

"Nani amemnyima?" Gitari alicheka kwa meno tu. "Achote! Achote mpaka achoke!"

Alimfuata hadi kidimbwini na kumnong'oneza: "Leo tu. Kesho nikikuona hapa nitakufungulia mbwa."

"Leo inatosha. Samadi ninayo. Viroboto hawa nikishawapata, watazaana kwangu."

Alichota ndoo baada ya ndoo, akachuja kwa leso, akasuuza bwawani vumbi hai lililobaki kwenye kitambaa. Gitari alimsimamia kama anayelinda mwizi. Jua lilipoinama, Makandi alifungua mifuko. Vifaranga walitawanyika, wakatulia, kisha wakaanza kudonoa.

"Watakufa tu," Gitari alisema.

"Wanakula." Makandi hakugeuka. "Rudi kwa wageni wako kabla hawajabadili nia."