Kibati Namba 47

Kwa miaka kumi na mitano niliwafokea watalii kwa sababu ya vibati, na siku yangu ya mwisho kazini nikafanya mwenyewe kosa ambalo nisingemsamehe hata mtoto wa shule.

Sheria ya mgodi wetu wa Kvarnås, ambao siku hizi ni wa kutembeza watalii, ni moja tu. Mlangoni pana ubao. Ukishuka, unatundika kibati chako cha shaba chenye namba upande ulioandikwa CHINI. Ukipanda, unakirudisha upande wa JUU. Kibati kimoja kikibaki CHINI, mlango haufungwi, hata uwe nani. Isipokuwa namba 47. Hicho kilikuwa cha baba yangu, Halvar, aliyefukiwa na mwamba mwaka 1969 nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mwili haukupatikana, na kibati chake kilibaki pale pale. Wafunga mlango wote wamezoea kukiruka kwa macho.

Ijumaa hiyo ya Oktoba tulikuwa tunaufunga mgodi moja kwa moja. Halmashauri ilichoka kuendesha pampu, na maji ya msituni yalikuwa yanasubiri kurudi mahali pake. Ngazi ya dharura ilishang'olewa, simu ya chini nayo, na vibati vya wageni vilishatiwa kwenye boksi. Tulikunywa kahawa, tukala keki ya kijani, na Rune, mfunga mlango wetu, akanizawadia kibati changu ndani ya fremu ya kioo. Rune si mtu wa hotuba.

"Haya, Gunvor," akasema. "Umetusumbua vya kutosha."

Watu wakacheka. Mimi nikalia kidogo, nikasingizia mafua.

Wenzangu walipokwisha kuondoka, alitokea mzee mmoja kutoka kituo cha basi, amevaa koti zito na viatu vilivyong'arishwa kama vya kwenda mazishini.

"Naitwa Taisto," akasema. "Nilifanya kazi na baba yako. Nimetoka Ufini, nimebadilisha basi mara tatu. Nipeleke chini, mwanangu, dakika kumi tu."

"Tumefunga, mzee."

"Najua mmefunga. Ndiyo maana nimekuja leo."

Mtu mwingine ningemrudisha. Lakini jina hilo nililijua. Baba alikuwa akimtaja mezani, Mfini wake anayekunywa kahawa chungu bila kukunja uso. Nikaingia stoo kuchukua helmeti mbili zenye taa. Kibati sikuwa nacho, kilikuwa kwenye fremu. Nikajiambia kwamba dakika kumi hazihitaji kibati, na Rune bado alikuwa jikoni anaosha vikombe. Sikumuaga.

Tukashuka ngazi mia moja na arobaini mpaka kwenye uzio. Nyuma ya uzio kuna lundo la mawe makubwa, na nyuma ya mawe yuko baba yangu. Taisto alivua helmeti akasimama, mkono mmoja mfukoni, nami sikumharakisha. Kisha nikasikia chuma kikigonga chuma huko juu. Taa za ukutani zikazimika. Pampu, ambayo nimeisikia tangu nizaliwe, ikanyamaza.

Nilizipanda zile ngazi kwa mbio ambazo magoti yangu yalikuwa yamezisahau. Mlango ule ni wa chuma kitupu, na kwa ndani hauna kitasa. Niligonga kwa helmeti mpaka ikapasuka. Nyumba ya karibu iko kilomita mbili, ng'ambo ya misonobari, na simu yangu haikuona mtandao ndani ya mwamba ule. Rune alikuwa anaondoka alfajiri kwenda kuwinda wiki nzima. Na kwetu mtu hamgongei jirani mlango bila sababu. Ningepotea wiki mbili, wangesema Gunvor anafurahia kustaafu. Maji yangechukua miezi kupanda hadi pale. Baridi isingehitaji hata siku mbili.

Taisto alinifikia akihema, akaketi kwenye ngazi ya juu kabisa.

"Watakuja," akasema.

"Nani aje, mzee? Nani anajua tuko huku?"

"Si kuna ubao?"

"Ubao una kibati kimoja, cha baba, na hicho hakuna anayekiangalia."

Akatia mkono mfukoni, akatoa kitu akakiweka kwenye mwanga wa taa yake. Kilikuwa 47.

"Umekichukua?"

"Ulipokuwa stoo. Nilitaka kumwachia kule chini kabla ya maji. Nimefika pale, mkono umekataa kukitoa."

Nilitaka kumzaba kofi, mzee wa miaka themanini.

"Miaka hamsini na minne," nikamwambia, "hakuna mkono uliowahi kukigusa kibati hicho."

"Wangu ulikigusa," akasema. "Siku ile."

Akanieleza akiwa ameinamia viatu vyake. Zamu ilikuwa imekwisha, na watu walitakiwa wawe juu kabla ya baruti kulipuliwa. Njiani baba akakumbuka chupa yake ya kahawa.

"Akaniambia, 'Nirudishie kibati, niko nyuma yako.' Tulikuwa tunafanyiana hivyo sote. Ilikatazwa, na sote tulifanya. Nikafika juu, nikarudisha changu, nikarudisha na chake. Nikaenda kuoga."

"Na Evald akaangalia ubao."

"Akaangalia. Upande wa CHINI hapakuwa na kitu. Akalipua."

Sasa nikaelewa. Evald alikuwa mlipua baruti wetu. Mpaka anaingia kaburini alisema ubao ulikuwa mtupu, lakini watu walipokimbilia mlangoni walikuta 47 kinaning'inia CHINI. Nani angemwamini? Kijiji kizima kiliacha kunywa naye kahawa. Mama yangu alikuwa anavuka barabara akimwona. Mimi nilimtemea mate mbele ya duka, mbele ya mwanawe. Huyo mwanawe ndiye Rune.

"Ulikirudisha CHINI baada ya mlipuko," nikasema.

"Kila mtu alikuwa anapiga kelele, hakuna aliyeniona. Niliogopa, Gunvor. Nilikuwa na mke mjamzito."

"Evald naye alikuwa na mke."

"Nilimwandikia barua."

"Zilifika?"

"Sikuzituma."

"Basi usinisimulie habari za barua."

Nilimchukia kwa roho yangu yote, na hapakuwa na pa kwenda kumchukia mbali naye. Baridi ilipanda kutoka kwenye jiwe, ikaingia kiunoni. Tukazima taa ili isije ikatufia. Baada ya saa nzima nilikuwa nimejibana naye bega kwa bega, koti lake limefunika magoti yetu, nasikia meno yake yanavyogongana. Niliogopa kufa. Nami naona aibu kusema kwamba sikumuwaza baba hata kidogo. Niliwaza kikapu cha uyoga nilichokiacha mezani, kwamba utaoza na wanaokuja kunitafuta wataukuta unanuka.

Ndipo ufunguo ukazunguka.

Mlango ulifunguka na harufu ya msitu ikaingia. Bado palikuwa na mwanga kidogo nje. Rune alisimama pale na ndara za nyumbani, zimelowa matope.

"Niko mezani nakula," akasema, "nikawa najiuliza kuna nini leo. Kila jioni nafika kwenye ubao, nakiruka kile kibati chenu, nafunga. Leo sikukumbuka kuruka kitu. Nikasema, kuna mtu amekigusa, na huyo mtu yuko wapi?" Akafuta uso kwa kiganja. "Nimewafungia, Gunvor. Niliangalia, naapa niliangalia. Ubao ulikuwa mtupu."

Alipokwisha kusema hivyo aliyasikia maneno yake mwenyewe, yale yale ya baba yake. Maneno hayo alilishwa kila siku nyumbani kwao pamoja na viazi, na aliwahi kuniambia kwamba alipofika miaka kumi na minne aliacha kuyaamini.

Taisto alikuwa ameshasimama, anatazama kituo cha basi nyuma ya bega la Rune. Mkono wenye kibati ulikuwa unarudi polepole mfukoni. Nikaukamata.

"Mwambie," nikasema.

"Acha nipate hewa kwanza, mwanangu. Nitamwandikia."

Nikapita mbele yake, nikasimama mlangoni, mgongo wangu kwenye chuma upande mmoja na mkono umeshika fremu ya mlango upande wa pili.

"Hutoki humu," nikamwambia.

"Aniambie nini?" Rune akauliza. "Huyu nani?"

Taisto alinitazama mimi, kisha akamtazama Rune na ndara zake za matope. Akanyoosha mkono, akampa kibati.

"Baba yako," akasema, "hakusema uongo."