Yan Liben Kando ya Bwawa

Mimi na Henriette tunapanga chumba kimoja mtaa wa Glenwood, karibu na chuo. Mwalimu wetu wa historia ya sanaa alitupa kazi ya pamoja: tuwalinganishe mawaziri wawili wa China ya kale waliokuwa pia wachoraji hodari. Atakayeeleza vizuri zaidi ndiye atakayewaongoza wageni kwenye maonyesho ya chuo. Niliitaka nafasi ile hadi nikakosa hamu ya kula.

Nilichagua Yan Liben. Henriette akabaki na Han Huang, mchoraji wa ng'ombe watano, aliyeuficha ufundi wake kwa kuwa hakuuona kazi ya lazima kwa kiongozi. Siku mbili kabla, Henriette akanigeukia kutoka kwenye kioo.

“Ineza, Yan wako iko mtamu. Tubadilishane. Wewe na haya zako, si utamuua mara ya pili?”

Nikacheka, nikampa.

Darasani nilimaliza ng'ombe wangu kwa dakika tatu, macho kwenye karatasi. Kisha Henriette akasimama. Mfalme yuko kwenye mashua na wageni, alisema. Anaona ndege wa ajabu, anaagiza mchoraji aitwe. Yan, ofisa mwenye cheo, anakuja mbio akitoka jasho, analala kifudifudi kando ya bwawa, anachora huku wageni wakimtazama. Akirudi nyumbani anamkataza mwanawe kujifunza kazi hiyo. Henriette alilala sakafuni kabisa kutuonyesha. Darasa likapiga makofi. Hata vumbi la magotini lilimpendeza.

“Na yeye mwenyewe aliacha kuchora?” mwalimu akauliza.

Henriette akanitazama. Hapo hakuwa amesoma. Mimi nilipajua vizuri mno: kila Jumamosi nachuchumaa kule ufukweni South Beach nikichora vichwa vilivyosukwa kwenye ukuta wa saluni ya mjomba Urbain, na mwanachuo mwenzangu akipita nainamisha uso. Hata Henriette sikuwahi kumwambia.

Nikahesabu hadi saba, jasho likimtoka Henriette shingoni, nami nikifurahia.

“Hakuacha,” nikasema hatimaye. “Aliona aibu, lakini hakuweza. Hata mimi sijaweza.” Nikawaeleza habari za ukuta.

Nafasi nikapewa mimi.

Tukirudi, kwenye robot ya njia panda, taa ya kuvukia barabara ikiwa nyekundu, Henriette hakunishika mkono kama kawaida yake.

“Ungesema mapema,” alisema. “Nilikuwa nakutazama, dada. Midomo yako ilikuwa inahesabu.”