Vibao vya Shangazi Verna

Wino wa sahihi haujakauka, shangazi yake Garnet akatoka nje na bisibisi, akapiga magoti kwenye theluji, akaanza kufungua vibao vya namba.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Navua vibao vyangu. Pikapu nimekuuzia, vibao sijakuuzia. Bima inakwenda na vibao."

Garnet akatazama saa. Jumamosi mchana hii, ofisi ya bima kule Duck Lake imefungwa mpaka Jumatatu. Na Tessa, binti yake wa miaka mitano, yuko Saskatoon kwa mama yake anangoja kuchukuliwa. Zamu mbili za kumchukua Garnet hakutokea, gari lake lilikuwa limekufa. Wakili wa mama mtu keshaandika: akikosa ya tatu, wanarudi kwa hakimu. Ndiyo maana alikomba akiba yote ya mshahara wa kiwandani anakopasulia mbao akanunua pikapu ya marehemu Wilfred, mume wa Verna.

"Niachie vibao mpaka Jumatatu. Nani atajua?"

"Polisi wana kamera za kusoma namba. Na hata wasingekuwa nazo."

"Na nilisema tuandike umenipa zawadi, ukakataa. Hata kodi tusingelipa."

"Zawadi isiyo na kodi ni ya mzazi na mwana, kaka na dada. Shangazi hayumo. Usinitafutie kesi uzeeni." Akasimama na vibao kwapani, pua nyekundu kwa baridi.

Garnet akampita hadi kwenye pikapu. Akaingia, akabamiza mlango, akawasha. Kiti cha Tessa alikuwa keshakifunga pembeni yake. Bila vibao basi, potelea mbali. Verna akazunguka akaja kusimama mbele ya boneti, ndani ya koti la mumewe linalomfika magotini.

"Toka mbele, shangazi."

"Nigonge. Bima huna, utanilipa mwenyewe."

Garnet akakanyaga mafuta, injini ikanguruma. Mama wa watu hakutikisika.

"Ukikamatwa na Tessa yumo humo ndani," akasema, "yule wakili hana haja ya kuandika barua nyingine. Umemmalizia kazi."

Hilo lilimwingia. Garnet akazima, akalaza paji la uso kwenye usukani.

Verna akaja dirishani. "Nipe ile karatasi ya mauzo."

"Ya nini?"

"Tuichane. Gari likiwa langu, bima yangu inafanya kazi, na mimi namwazima mtoto wa kaka yangu. Jumatatu tunauziana upya, mbele ya wakala wa bima."

"Na hela zangu?"

"Zinabaki kwangu. Ukiliangusha mtaroni, rekodi yangu ya bima ndiyo inayochafuka. Na wewe unavyoendesha nakujua."

"Na Hrynchuk, naye si anaitaka hii pikapu? Asubuhi nimekusikia naye kwenye simu. Anapandisha dau."

Verna alinyoosha mkono tu.

Garnet akaitazama ile karatasi. Hana kingine cha kuonyesha kwamba alilipa hata senti. Akampa. Verna akaichana vipande vipande, akavitia mfukoni, akarudi kufunga vibao. Skrubu moja ikapotelea kwenye theluji, vidole vikakataa kuitafuta. "Zilizobaki zinatosha. Nenda. Barabara ni barafu tupu."

Hajafika mbali kwenye barabara kuu, taa za buluu zikamwakia nyuma. Akaegesha. Alikuwa Orest Kowalchuk, polisi anayemjua kila mtu na kila gari la upande ule.

"Hili si gari la Verna? Nimesikia ameuza."

"Alikuwa ameuza. Tumevunja."

"Mmevunja leo?"

"Sasa hivi."

"Ahaa." Orest alicheka kidogo, cheko lisilo zuri. "Zima injini, kijana."

Akampigia Verna simu, akaweka sauti kubwa. Ikaita. Garnet akawa anamfikiria Hrynchuk, pengine yuko jikoni kwa shangazi saa hizi anakunywa chai. Ikaendelea kuita. Neno moja tu kwamba ameshauza, na pikapu inavutwa, na Tessa ndiyo basi.

"Nani?"

"Orest hapa. Hili gari lako ni la nani?"

"Si umesema mwenyewe ni langu."

"Hujamuuzia huyu Garnet?"

Kikasikika kikohozi.

"Tuliandikiana, nikachana. Vipande ninavyo hapa, njoo uvihesabu. Ni langu mpaka Jumatatu na nimemwazima. Sasa muache, anamfuata mwanawe. Na ile ngazi yangu uliyoazima, Orest, mwaka wa ngapi huu?"

Orest akakata simu bila kuaga. Akapiga paa la pikapu kwa kiganja. "Polepole."

Garnet alikwenda polepole kweli, mikono miwili kwenye usukani kama mwanafunzi. Alipofika, mama Tessa alifungua mlango akiangalia saa. Garnet alikuwa amewahi. Tessa alimpita mama yake, buti zimegeuzwa kushoto kulia, akakimbia moja kwa moja kwenye pikapu.